Dawa ya Moto

Mkulima wa Afrika Mashariki anapopita kando ya konde lililojaa nyasi hadi kifuani, hana haja ya kuuliza. Hujua kwamba mwenyewe amefariki, au amehamia mjini, au yumo mahakamani na nduguze. Konde lililoachwa lina aibu yake, na Kiswahili chenyewe kimeshiriki katika kulitia aibu hiyo. Mmea uliomea pasipo idhini ya mwenye jembe huitwa gugu au kwekwe. Mahali palipohamwa na watu huitwa mahame, neno ambalo ni nadra kutamkwa bila huzuni kidogo. Kwa hiyo msomaji wa huku anapoambiwa kwamba yako makonde yaliyoondolewa mahindi kwa makusudi, yakapandwa nyasi, tena kwa mikono, tena na watu waliopiga magoti, na kwamba waliosimamia kazi hiyo walikuwa maprofesa wa chuo kikuu, ana haki ya kushangaa.

Konde lililotangulia mengine ya namna hiyo liko mjini Madison, katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, ndani ya hifadhi ya mimea ya chuo kikuu cha jimbo hilo. Leo huitwa Curtis Prairie, na ukubwa wake ni zaidi ya ekari 60. Neno hilo prairie lina kisa chake. Wahamiaji waliotoka Uingereza hawakuwa na jina la nchi ya nyasi iendayo hadi upeo wa macho bila mti, wakalikopa la Wafaransa, ambalo kwa wenyewe lilimaanisha konde la majani ya mifugo tu. Mfasiri wa Kiswahili naye hukwama papo hapo. Nyika ni kavu mno na ina miiba. Uwanda husema habari za usawa wa ardhi na kuzisahau nyasi. Mbuga ingefaa, ila masikio ya Wakenya wengi yakisikia mbuga hutazamia tembo na lango la kulipia. Hata hivyo, mbuga ndiyo itakayotumika hapa, kwa kuwa imekaribia zaidi.

Mbuga za asili za eneo hilo hazikuwa nyasi peke yake. Zilikuwa na mamia ya aina za mimea, nyingine zikimea kuliko kimo cha mtu, na mizizi yake ikishuka chini mita mbili, tatu, hata zaidi. Mizizi hiyo ndiyo iliyoutengeneza udongo mweusi ambao baadaye uliwalisha Wamarekani mahindi. Udongo huo ulikuwa mzito, wenye kunata, na plau za chuma cha kusubu zilikwama ndani yake kila hatua chache. Mwaka 1837 mhunzi aitwaye John Deere, katika jimbo jirani la Illinois, alitengeneza plau yenye ubapa wa chuma cha pua uliosuguliwa ukang'aa, na udongo ukateleza juu yake. Kilichofuata hakikuchukua hata umri wa mtu mmoja. Mbuga ya nyasi ndefu iliyobaki Wisconsin leo ni chini ya asilimia 1 ya ile ya awali, na masalio yake yako mahali ambapo plau haikuweza kufika: kando ya reli, katika pembe za makaburi, kwenye miteremko ya mawe.

Mnamo tarehe 17 Juni 1934 hifadhi ile ya Madison ilizinduliwa rasmi. Mwezi mmoja kabla, vumbi la mashamba yaliyokauka katikati ya Marekani lilikuwa limepeperushwa hadi pwani ya Atlantiki, na watu wa miji ya mashariki wakauona udongo wa wakulima ukipita angani juu ya vichwa vyao. Miongoni mwa waliohutubu siku ya uzinduzi alikuwa Aldo Leopold, mtu wa miaka 47, profesa wa chuo hicho kwa mwaka mmoja tu. Alizaliwa Iowa mwaka 1887, akasomea misitu Yale, kisha akaitumikia idara ya misitu ya serikali katika majimbo ya Arizona na New Mexico kuanzia 1909. Hoja yake ilikuwa kwamba hifadhi hiyo isiwe mkusanyiko wa miti ya kigeni iliyopangwa kwa safu na vibao vya majina, jinsi bustani za mimea zilivyokuwa aghalabu. Iwe kielelezo cha nchi ilivyokuwa kabla ya wahamiaji kuigeuza, ili watu wapate kupima walichopoteza. Kwa maneno mengine, aliwataka wasomi wenzake wachukue shamba lililochakaa na kulirudisha nyuma miaka mia moja. Hakuna aliyewahi kufanya jambo hilo kwa kiwango kile, wala hapakuwa na kitabu cha kuwaelekeza.

Mikono ilipatikana kwa sababu ya dhiki. Serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilikuwa imeunda mwaka 1933 kikosi cha vijana wasio na ajira, wakipewa chakula, mahali pa kulala na ujira mdogo ili wapande miti na kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kambi yao moja ilikuwa ndani ya hifadhi ya Madison kuanzia 1935 hadi 1941. Mtaalamu wa mimea Norman Fassett alikwisha fanya majaribio ya awali. Sasa kazi ikasimamiwa na Theodore Sperry, kijana aliyekuwa amesomea mizizi ya mimea ya mbuga. Vijana wakatumwa kwenye masalio ya mbuga, wakachimba mabonge ya udongo pamoja na nyasi zake, wakayapakia katika malori, wakaja kuyafukia katika konde la Madison. Wakakusanya mbegu kwa mkono. Wakatandaza nyasi kavu zenye mbegu juu ya udongo na kungoja.  Wakulima waliotangulia walikuwa wameing'oa mbuga. Vijana hawa walilipwa kuipanda. Walichokisema jioni kambini kuhusu mageuzi hayo kingestahili tamthilia.

Wakati huohuo Leopold alikuwa na konde lake binafsi. Mwanzoni mwa 1935 alipata shamba la ekari 80 kando ya mto Wisconsin, karibu na Baraboo. Lilikuwa shamba la mchanga lililolimwa likachoka. Mwenye shamba wa mwisho, kama Leopold alivyosimulia, alikuwa mpishi wa pombe haramu aliyeichosha ardhi, akaichoma nyumba yake na kutoweka. Jengo lililosalia lilikuwa banda la kuku, limejaa samadi. Profesa huyu, mkewe Estella na watoto wao watano waliitoa samadi hiyo kwa sepetu, wakaziba nyufa, wakajenga meko, na banda likawa makao yao ya kila mwisho wa juma. Kila majira ya kuchipua walipanda miti. Ukame wa 1936 uliua sehemu kubwa ya miche yao, wakapanda tena. Kufikia 1948 walikuwa wamepanda makumi ya maelfu, hasa misonobari, na mbele ya banda wakapanda kipande cha mbuga.

Kuna jambo moja ambalo wanaomtukuza Leopold huliruka upesi. Mtu huyu aliyesifiwa kwa kuirudishia ardhi uhuru wake alikuwa akichagua kila kitu. Yeye mwenyewe alikiri katika maandishi yake kwamba panapo msonobari na mbetula zikisongana, shoka lake humwangukia mbetula, na akakaa kujihoji kurasa kadhaa kwa nini humpendelea mmoja. Sababu alizozipata zilikuwa nusu za kitaalamu, nusu za moyoni. Ukiri huo ni wa thamani kuliko nadharia nyingi zilizoandikwa baadaye, kwa sababu unamweka mwenye konde la nyasi mahali pamoja na mwenye konde la mahindi. Wote wawili wana magugu. Wametofautiana katika orodha tu.

Na magugu yalikuja. Adui mkuu wa konde la Madison alikuwa nyasi laini, fupi, ya kupendeza machoni, iitwayo nyasi ya Kentucky ingawa asili yake ni Ulaya. Ililetwa na wahamiaji kwa ajili ya malisho na nyua, ikashika udongo kama mkeka. Vijana wa kambi walipopanda mimea ya mbuga katikati ya mkeka huo, mingi ilidumaa. Kung'oa kwa mkono hakukufaa kitu. Ndipo mtaalamu mwingine wa mimea wa chuo hicho, John Curtis, alipofikiria kuuchoma.

Uzito wa wazo hilo hauwezi kueleweka bila kurudi nyuma kidogo. Wanamisitu wa Marekani wa kizazi cha Leopold walilelewa katika imani moja kuu: moto ni adui. Wenyeji wa nchi hiyo, waliowasha nyasi na vichaka kwa majira tangu enzi, walitazamwa kama watoto wanaochezea kiberiti. Mwaka 1920 Leopold mwenyewe aliandika makala ya kuwabeza waliotaka misitu ichomwe kidogokidogo kwa desturi za wenyeji. Miaka minne baadaye, baada ya kuitazama vizuri milima ya kusini mwa Arizona, aliandika makala nyingine iliyopinduka. Aliona kwamba mahali ambapo mifugo ilikula nyasi zikaisha na moto ukazuiwa, vichaka vilitamalaki na udongo ukaanza kusombwa na maji. Nyasi zilikuwa zimelindwa na moto uleule uliodaiwa kuziangamiza. Si wengi wenye elimu ambao huweza kujikosoa hadharani baada ya miaka minne. Wengi hungoja wakosolewe na wajukuu.

Curtis na wenzake walianza kuchoma vipande vya majaribio mwanzoni mwa miaka ya 1940. Siri ilikuwa katika kalenda. Nyasi ya Kentucky huamka mapema, kukiwa bado na baridi, wakati nyasi za mbuga zingali zimelala na machipukizi yake yamejificha ardhini. Moto ukipita katika siku hizo, humkuta mgeni akiwa kijani na mwenyeji akiwa chini ya blanketi. Kisha majivu meusi huvuta jua, udongo hupata joto upesi, na mimea ya mbuga huchipuka kwa nguvu mahali ambapo sasa hapana wa kuizuia. Mwaka 1948 Curtis na mwenzake Max Partch walichapisha matokeo yao. Methali ya Kiswahili isemayo dawa ya moto ni moto kwa kawaida huchukuliwa kuwa ni habari za kisasi. Kule Madison ingefaa kusomwa neno kwa neno: konde lilikuwa linaugua kwa kukosa moto, na dawa yake ikawa hiyo.

Hakuna mfugaji wa Kajiado ambaye angehitaji jaribio hilo. Nyasi aina ya Themeda triandra, ile igeukayo nyekundu ikikomaa na kuzipa rangi tambarare za Athi na Mara, husongwa na majani yake makavu isipochomwa wala kuliwa, na hatimaye huwapisha wengine. Wafugaji walilijua hilo, wakawasha moto kwa majira ili mifugo ipate majani mabichi na kupe wapungue. Watawala wa kikoloni walioletwa na elimu ileile ya misitu waliyosoma akina Leopold waliona katika moshi huo uharibifu mtupu. Kule Wisconsin waliowasha moto kabla ya wahamiaji walikuwa watu kama Waho-Chunk, ambao nchi yao kusini mwa mto Wisconsin, pamoja na mahali palipojengwa Madison, ilichukuliwa kwa mkataba wa 1832. Walifukuzwa mara kadhaa, na wengine wao wakarudi kila mara. Kwa hiyo chuo kikuu kiliposema kwamba kinarejesha nchi ilivyokuwa kabla ya plau, kilikuwa kinarejesha pia, pengine bila kukusudia, kazi ya mikono ya watu waliokwisha ondolewa. Mbuga ile haikuwa mahame hata mara moja. Ilikuwa na wenyewe, na kiberiti chao kilikuwa ndilo jembe lao.

Kenya nayo ina mchango wake mdogo katika mjadala huu, na mchango wenyewe ni neno. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20, misitu ya serikali ilipandwa kwa utaratibu ambao wataalamu wa misitu wa nchi nyingi huuandika katika vitabu vyao vya Kiingereza kwa neno la Kiswahili: shamba. Mkulima hupewa kipande cha msitu uliovunwa, hupanda mahindi na viazi katikati ya miche ya miti, huipalilia yote pamoja, na miti ikishatia kivuli huhama. Utaratibu huo ulipigwa marufuku zaidi ya mara moja kwa sababu ya matumizi mabaya, kisha baada ya Sheria ya Misitu ya 2005 ukarudi kwa jina jingine, PELIS. Ni kweli kwamba miti hiyo ilikuwa ya kukatwa mbao, haikuwa msitu wa asili. Lakini mtu aliyewahi kupalilia mche wa mti pamoja na mhindi wake katika jua la Januari hawezi kudanganyika kwamba msitu hujileta wenyewe.

Kipupwe cha 1948 kilipokwisha, Leopold alikuwa na miaka 61. Tarehe 14 Aprili alipata habari kwamba kitabu chake cha insha juu ya shamba lile kimekubaliwa na wachapishaji. Siku saba baadaye, tarehe 21, akiwa bandani na mkewe na binti yake mdogo, aliona moshi kwa jirani. Moto wa takataka ulikuwa umetoroka, umeshika nyasi kavu, unaelekea misonobari yake. Aliwagawia kazi, akajitwika bomba la maji mgongoni, akaenda kuukabili peke yake. Moyo ukamsimama. Inaelekea alijilaza mwenyewe chini, kwa kuwa alikutwa amelala chali, na mikono imekunjwa kifuani. Moto, ambao kufikia hapo ulikuwa umepoa, ukampitia juujuu ukaendelea.

Wapo waliotaka kukifanya kifo hicho kiwe kejeli: mtetezi wa moto aliyeuawa akizima moto. Hiyo ni haraka. Moto wa Curtis uliwashwa siku iliyochaguliwa, kwa upepo uliopimwa, ndani ya mipaka iliyolimwa. Moto wa jirani ulikuwa ajali, na mbele yake ilisimama kazi ya familia nzima ya miaka kumi na mitatu. Mtu anayejua kwamba mvua ni neema bado huezeka nyumba yake.

Kitabu kilitoka mwaka 1949, kikihaririwa na mwanawe Luna, kwa jina A Sand County Almanac, na kimesomwa na kutafsiriwa kuliko alivyoweza kutumaini mwandishi. Kilichofuata shambani hakijulikani sana. Binti yake Nina alirudi kuishi huko katika miaka ya 1970, akaendeleza daftari ambalo baba yake alikuwa akiandika ndani yake siku ambayo kila ua lilichanua na kila ndege alirudi. Mwaka 1999 yeye na wenzake walichapisha ulinganisho wa rekodi hizo za zamani na zao: matukio kadhaa ya majira ya kuchipua yalikuwa yanakuja mapema kuliko siku za baba yake. Kwa hiyo shamba lililochakaa lilikuja kutoa, kwa bahati, ushahidi wa kubadilika kwa tabianchi. Misonobari nayo ilikua ikasongana, ikahitaji kupunguzwa. Iliyokatwa ilitumika kujenga ofisi na ukumbi wa wakfu wa Leopold, jengo lililofunguliwa mwaka 2007 si mbali na banda. Miche ile iliyomwagiliwa na watoto sasa ni boriti.

Curtis alifariki mwaka 1961, na mwaka uliofuata konde la Madison likapewa jina lake. Karibu na hapo kuna mbuga nyingine, Greene Prairie, ambayo Henry Greene aliipanda katika miaka ya 1940 na 1950, sehemu kubwa peke yake, na wajuzi wengi huiona kuwa imefana kuliko ile iliyopandwa na kambi nzima. Mafunzo ya wengi yalimfaa mmoja. Lakini konde la Curtis limezungukwa na mji. Barabara kuu hupita ukingoni mwake, na mvua ikinyesha, maji ya lami na mitaa humwagikia ndani yakiwa na mchanga na mbolea za nyua za watu. Mahali maji hayo yanapotuama huota nyasi ndefu ya matetematete isiyokuwamo katika orodha ya mtu yeyote, na moto peke yake hauiwezi.

Majira ya kuchipua yakifika, wahudumu huanza kutazama upepo. Hukata njia za kuzuia moto, hulowesha kingo, hujaza mabomba ya mgongoni yanayofanana sana na lile alilobeba Leopold. Hungoja siku kavu kiasi, isiyokauka mno, yenye upepo usiopeleka moshi barabarani wala kwenye madirisha ya jirani. Mara nyingine siku hiyo haiji. Nyasi ya Kentucky ikaamka, wiki zikapita, vichaka vya pembeni vikasogea hatua nyingine ndani ya konde, na mabomba yakarudishwa ghalani yakiwa na maji yake.